Mhandisi mwanamke akija shuleni: kinachobadilika na kisichobadilika

Kila ifikapo Februari 11, Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, simu zetu hujaa picha za wanawake wenye kofia ngumu na makoti meupe, na chini ya picha ubishi ni ule ule. Wapo wanaosema msichana akimwona mhandisi mwanamke kwa macho yake, Fizikia itaacha kumtisha. Wapo wanaojibu kwamba picha haijawahi kumfundisha mtu logarithimu, afadhali fedha za kualika wageni zikanunue vifaa vya maabara. Sasa ubishi huu una uzito zaidi. Tanzania Bara imekuwa ikijenga shule ya sekondari ya bweni ya wasichana wa sayansi katika kila mkoa, mikoa yote 26, chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Nchini Kenya, kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia Gredi ya 10 Januari 2026 likiwa limeshachagua mikondo, ukiwemo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mzazi ana haki ya kuuliza: hivi saa moja na mgeni inabadilisha kitu kweli?

Inabadilisha, na ushahidi upo, mwingine wa hapa hapa Afrika Mashariki. Ila haibadilishi kila kitu wala haimgusi kila msichana kwa namna moja, na mgeni asiyefaa anaweza kuwavunja moyo wale wale aliokuja kuwainua.

Kwanza tutenganishe watu watatu ambao huitwa kwa jina moja. Mfano wa kuigwa ni mtu ambaye maisha yake yanakuonyesha kwamba jambo fulani linawezekana kwa mtu kama wewe. Si lazima akujue. Mshauri anakujua kwa jina, mnaonana tena na tena, anakuuliza mtihani wa Kemia ulikwendaje. Mtetezi ni yule anayelitaja jina lako kwenye kikao usichokuwepo: anakuombea nafasi ya mafunzo kazini, anasema "huyu binti apewe mradi huu." Shule nyingi humwalika wa kwanza, kwa saa moja, kisha zikatarajia matunda ya wa pili na wa tatu. Yasipoonekana, watu husema jambo lote ni maonyesho.

Pia tutenganishe kazi zenyewe. Fundi hujenga au hutengeneza kwa mikono na ujuzi. Fundi sanifu, mwenye stashahada, hupima, huchora, husimamia vipimo na mitambo. Mhandisi, mwenye shahada na usajili, hukokotoa, husanifu na hutia saini akibeba dhamana ya kisheria ya alichosanifu. Msichana akiambiwa "uhandisi" bila kuelezwa tofauti hii, humfikiria mtu aliyebeba mfuko wa saruji begani.

Mfano wa kuigwa hufanya kazi kama mtu anayetangulia kuvuka mto kwenye kivuko usichokijua. Aliye ng'ambo, juu ya kilima, akikupungia mkono, anakuthibitishia tu kwamba kuna waliowahi kuvuka. Aliye hatua tatu mbele yako ndiye anayekuonyesha jiwe lipi limetulia na lipi linateleza. Wote wawili wana kazi yao, lakini shuleni tunamwita mno yule wa kilimani.

Ushahidi unasemaje

Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alichapisha matokeo ya kazi iliyohusu watoto 4,807, wengi wao wa Kanada. Waliambiwa wachore mwanasayansi. Michoro ya wanawake ilikuwa 28 tu, na yote ilichorwa na wasichana. Uchambuzi wa tafiti za Marekani uliotolewa 2018, uliokusanya michoro ya watoto zaidi ya 20,000 kwa miongo mitano, ulionyesha kwamba hali imebadilika: katika tafiti za kuanzia 1985, wastani wa michoro ya wanawake umefika asilimia 28. Ndani ya wastani huo kuna jambo zito zaidi. Wasichana wa miaka 6 walichora mwanamke mara 7 kati ya 10. Kufikia miaka 16, ni mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo msichana hazaliwi akiamini sayansi ni ya wanaume. Anajifunza hivyo akiendelea kukua, na somo hilo hukolea katika miaka ile ile ambayo kwetu yumo Kidato cha Kwanza hadi cha Nne.

Uganda, mtafiti Emma Riley aliwaonyesha filamu wanafunzi wa sekondari jijini Kampala waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani ya taifa. Kwa bahati nasibu, baadhi walitazama filamu inayosimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyeinuka kuwa mchezaji wa kimataifa wa sataranji. Wengine wakatazama filamu isiyo na mfano wa aina hiyo. Matokeo yalipotoka, walioona habari za Phiona walifanya vizuri zaidi, hasa katika Hisabati, na waliofaidika zaidi walikuwa wasichana na wale waliokuwa nyuma darasani. Filamu ile haikufundisha hata hesabu moja. Walimu walikuwa wale wale, madaftari yale yale, majirani wa dawati wale wale. Wanafunzi wenyewe ndio walioingia chumba cha mtihani wakiwa na moyo tofauti.

Ufaransa, katika mwaka wa masomo wa 2015/16, wanawake 56 wanaofanya kazi za sayansi waliingia madarasa ya sekondari ya eneo la Paris, saa moja kila darasa, katika jaribio lililogusa karibu wanafunzi 20,000. Madarasa ya kutembelewa yalichaguliwa kwa bahati nasibu ili kulinganisha kuwe kwa haki. Wasichana wa mwaka wa mwisho waliokuwa na alama nzuri walijiunga kwa wingi zaidi na kozi ngumu za sayansi zilizojaa wavulana. Wale waliokuwa miaka miwili nyuma walibadilika mtazamo, lakini machaguo yao ya masomo hayakusogea. Tena wageni waliofaulu zaidi ni wale walioifanya kazi yenyewe ivutie. Waliosisitiza mno jinsi wanawake walivyo wachache katika sayansi walipata matunda haba.

Hoja hiyo ya mwisho inastahili kutafakariwa, maana hapa kwetu ndiyo hotuba tunayoizoea. Mgeni huanza: "Katika darasa letu la watu 80 tulikuwa wasichana wanne tu." Anakusudia kutia hamasa. Msichana wa miaka 15 anasikia kitu kingine: huko nitakuwa peke yangu. Takwimu za uchache ni za wapanga sera, na ni kweli kabisa; UNESCO ilihesabu kwamba duniani wanawake ni theluthi moja ya watafiti na asilimia 28 ya wanaohitimu uhandisi. Lakini mezani pa waziri zinadai hatua, na mbele ya msichana anayesitasita zinageuka onyo.

Ushahidi wa nne si wa sayansi, ila unatufundisha kuhusu muda. India, tangu marekebisho ya katiba ya 1993, angalau theluthi ya nafasi za uenyekiti wa mabaraza ya vijiji hutengwa kwa wanawake, na katika jimbo la West Bengal vijiji vya kutengewa hupangwa bila upendeleo. Watafiti walipopita vijiji 495 walikuta kwamba pale mwanamke alipoongoza kwa vipindi viwili, pengo kati ya ndoto za wazazi kwa wana wa kiume na kwa mabinti lilikuwa limepungua, pengo la elimu kati ya wavulana na wasichana limefutika, na wasichana wanatumia muda mchache zaidi kwa kazi za nyumbani. Ajira kwa wasichana zilikuwa bado hazijabadilika. Waliobadilika ni wazazi, baada ya kumwona mwanamke akiendesha mambo mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mgeni wa mara moja anaweza kumsukuma msichana ambaye tayari yuko mlangoni. Kumbadilisha mama anayempa binti ndoo na kaka daftari kunataka uwepo wa muda mrefu.

Nyota wa mbali na dada wa jirani

Watu wengi huamini kwamba kadiri mgeni anavyokuwa mkubwa ndivyo athari inavyokuwa kubwa. Sivyo. Watafiti Penelope Lockwood na Ziva Kunda, mwaka 1997, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada habari za mwanafunzi mwenzao wa fani ile ile aliyeng'ara kupita kiasi. Wa mwaka wa kwanza waliinuka: bado walikuwa na muda wa kumfikia. Wa mwaka wa nne habari hiyo haikuwainua, kwa sababu muda wao ulikuwa umekwisha. Nyota huvuta pale tu ambapo mtazamaji anaona njia ya kumfikia.

Jaribio jingine, la New York, lilichapishwa 2016. Wanafunzi 402 wa sekondari walisoma kwa wiki kadhaa habari za Albert Einstein, Marie Curie na Michael Faraday. Kundi moja lilisoma mafanikio matupu. Makundi mengine yalisoma jinsi walivyofeli majaribio, walivyokwama, walivyokabiliana na umaskini na kubaguliwa. Waliosoma mahangaiko walipanda alama za sayansi, hasa waliokuwa chini. Waliosoma sifa tupu hawakupata faida hiyo. Huko Michigan nako wasichana wa umri mdogo walioonyeshwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliong'ara katika sayansi na waliojipamba kwa vipodozi na nguo za waridi walipungukiwa hamu, kwa kuwa mtu aliye bingwa wa Fizikia na mrembo wa jarida kwa wakati mmoja aliwaonekea hafikiki. Wanaobuni mabango ya hamasa walizingatie hilo.

Chukua mfano wa Profesa Wangari Maathai, jina linalotajwa katika kila siku ya taaluma. Kwa kawaida husemwa hivi: mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971, mshindi wa Nobel ya Amani, 2004. Makofi. Binti aliyepata D ya Baiolojia anapiga makofi pia, na hajapata chochote cha kwenda nacho bwenini.

Sasa isimulie upya. Alizaliwa Nyeri mwaka 1940, akasoma Loreto Limuru, akaenda Kansas mwaka 1960 kusoma baiolojia, akamalizia uzamili Pittsburgh. Alirudi Nairobi akiwa ameahidiwa kazi ya usaidizi wa utafiti katika zoolojia. Alipofika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Baada ya kuhangaika alipata kazi kwenye anatomia ya wanyama, kazi ya kukata vipande vyembamba vya tishu na kuvichunguza kwa hadubini. Hapo ndipo uzamivu wake ulipotokea. Binti anayesikia hivi anajua kwamba mlango wa kwanza unaweza kufungwa, kwamba sayansi ni kazi ya mikono na macho yenye subira, na kwamba zoolojia na anatomia si dunia mbili. Muda wa kusimulia unakaribia kuwa ule ule.

Tunaye pia Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata uzamivu wa hisabati, aliyeusomea Berlin na kubobea katika mtiririko wa vimiminika. Majina haya yafundishwe. Lakini pembeni ya picha ya Profesa Masanja aketi binti wa mwaka wa tatu wa uhandisi aliyetoka wilaya ile ile, aliyesoma shule ya kata, anayekumbuka mada ipi ya Fizikia ilimkwamisha na alitumia kitabu gani kutoka hapo. Huyo nauli yake ni ndogo, lugha yake ni ya wanafunzi, na maswali ya kweli ataulizwa yeye.

Kwa nini wote wanataka udaktari

Waulize wasichana wa Kidato cha Tatu wanaopenda sayansi wanataka kuwa nani. Wengi watasema daktari au muuguzi. Ndio wanawake wa sayansi waliowaona: zahanati, kliniki ya mama na mtoto, dukani kwa dawa. Hayo yenyewe ni matunda ya mifano ya kuigwa. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, alikuwa miongoni mwa walioasisi Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, mwaka 1987, na leo mtoto wa Kitanzania hashangai kutibiwa na daktari mwanamke. Uhandisi haujafika hapo. Anayepima barabara, anayesimamia kituo cha kupozea umeme, anayesanifu bomba la maji, haonekani na mtoto.

Mtego unakuja Kidato cha Tano. Anayependa sayansi kwa ujumla, akijua udaktari peke yake, hujaza PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Humo hisabati yake ni BAM, yaani hisabati ya msingi ya matumizi, somo la ziada. Miaka miwili baadaye anasikia habari za uhandisi wa umeme, anataka kuomba, anakuta kozi nyingi za uhandisi zinadai ufaulu wa Fizikia pamoja na Hisabati ya Juu. Mlango umefungwa bila yeye kujua aliufunga lini. Ambaye hajaamua kati ya hospitali na uhandisi, na Hisabati yake ni nzuri, aelezwe PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu) na PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati ya Juu) zinafungua nini kabla ya kujaza fomu ya machaguo. Na baada ya matokeo ya Kidato cha Nne huwa kuna dirisha la kubadilisha tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, ambalo wengi hulipitisha bila kuligusa. Kwa Kenya, wakati huo mzito umesogezwa mpaka Gredi ya 9, ambapo mkondo huchaguliwa. Katika mfumo wa 8-4-4 ulikuwa mwisho wa Kidato cha Pili, pale msichana alipoiacha Fizikia kwa kuona Baiolojia na Kemia zinamtosha.

Ndiyo maana mgeni anayeletwa kwenye mahafali ya Kidato cha Nne amechelewa. Machaguo makubwa yameshafanywa. Kwa Tanzania alete neno lake Kidato cha Pili, kabla ya upimaji wa taifa wa mwisho wa mwaka, kisha arudi Kidato cha Nne kabla ya fomu za machaguo.

Zege halichagui misuli

"Uhandisi ni kazi ya nguvu." Dhana hii haiondoki kwa hotuba. Inaondoka kwa mikono ya wasichana wenyewe, na kipimo cha zege ndicho chombo kizuri kuliko vyote, kwa sababu kila mmoja wao ameona nyumba ikijengwa.

Mhandisi wa ujenzi aje na koni ya slampu, yaani ya kupimia ulaini wa zege bichi: ya chuma, kimo milimita 300, upana wa chini 200, wa juu 100, pamoja na nondo laini ya milimita 16 yenye urefu wa 600. Kwa kila mchanganyiko zinatosha lita moja na nusu ya saruji, tatu za mchanga, sita za kokoto zisizozidi milimita 20. Mchanganyiko wa kwanza utiwe takriban lita 1.2 za maji, wa pili lita 1.9. Mchanga ukiwa umelowa, maji yapunguzwe kidogo, la sivyo tofauti haitaonekana vizuri. Koni ijazwe kwa tabaka tatu zinazolingana ujazo, kila tabaka lishindiliwe mara 25, juu pasawazishwe, kisha koni inyanyuliwe wima, taratibu, kwa sekunde chache. Ikivutwa kwa pembeni zege litainama na kipimo ni batili. Geuza koni, iweke kando ya zege, laza nondo juu yake, pima umbali kutoka nondo hadi kilele cha zege. Zege la kwanza litashuka kiasi na kubaki na umbo. La pili litabomoka na kusambaa kama uji.

Hapo ndipo mhandisi aulize: lipi ni rahisi kumwaga? Wote watasema la pili. Lipi lina nguvu? Kimya kidogo, halafu wataanza kubishana, na ubishi huo uachwe uendelee. Maji yaliyozidi huacha vinyweleo ndani ya zege yakikauka, na vinyweleo ndivyo vinavyolidhoofisha. Kwenye ujenzi hufinyangwa vipande vya mchemraba wa milimita 150, hutunzwa majini, na kuvunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Kazi ya mhandisi ni kujua haya na kusema, mbele ya fundi na mwenye nyumba wenye haraka, "hili halimwagwi." Neno hilo halitaki misuli hata kidogo. Linataka hesabu, ushahidi na msimamo.

Glavu na miwani ya kukinga macho visikosekane, kwani saruji mbichi huunguza ngozi, na mikono ioshwe kabla saruji haijakauka. Mhandisi wa umeme naye aje na mita na saketi ndogo, wa programu aje na kitu kinachofanya kazi na kinachoweza kuharibiwa kikatengenezwa tena. Aliyekuja na maneno tu ameacha nusu ya kazi yake nyumbani.

Kuendesha ziara isiyopotea bure

Dakika 80 zinatosha, yaani vipindi viwili, na wanafunzi wasizidi 40 kwa wageni wawili. Wakizidi, walio nyuma hawataona koni wala hawatauliza. Dakika kumi za mwanzo mgeni ajieleze, akitaja bila aibu alama zake za Kidato cha Pili na somo lililomsumbua. Dakika 35 ziwe za mikono. Kabla ya maswali, kila mmoja apewe kipande cha karatasi aandike swali bila jina, maana yale yanayowakereketa hayasemwi kwa sauti: hedhi ukiwa kwenye eneo la ujenzi lisilo na choo unafanyaje, mume atakubali ukilala kambini, ada alilipa nani, umewahi kusumbuliwa na bosi. Mgeni aandaliwe kuyajibu kwa ukweli. Akijibu "kila kitu ni sawa tu", wanajua.

Dakika za mwisho ziwe za njia, iandikwe ubaoni. Kidato cha Nne, kisha PCM au PGM, kisha shahada ya miaka minne, kisha usajili. Pembeni yake njia ya pili, ambayo walimu wengi huisahau: kutoka Kidato cha Nne, mwenye ufaulu wa Hisabati, Fizikia na Kemia anaweza kuomba stashahada ya miaka mitatu katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), akawa fundi sanifu, akaanza kazi, na baadaye akaendelea na shahada. Kwa binti ambaye familia yake inataka aanze kujitegemea mapema, njia hii hutofautisha kati ya uhandisi na kuuacha kabisa.

Wavulana wasifukuzwe darasani. Kule Paris madarasa yalikuwa ya mchanganyiko, na anayemcheka msichana kwa kuchagua Fizikia mara nyingi ni mwanafunzi mwenzake. Mwalimu wa Hisabati naye akae mpaka mwisho; ndiye atakayebaki. Na mawasiliano yote baada ya ziara yapitie kwa mwalimu au matroni, kwa barua au simu ya shule. Namba za simu za wanafunzi zisigawiwe kwa wageni, hata wakiwa wanawake, hata nia ikiwa njema.

Asichoweza mgeni

Mfano wa kuigwa hazibi pengo la mwalimu. Kwa miaka mingi ufaulu wa Hisabati Kidato cha Nne Tanzania umekuwa karibu robo ya watahiniwa au chini yake, wavulana kwa wasichana. Hilo halitokani na jinsia, na hakuna hotuba itakayoliondoa. Kumhamasisha binti aichague Fizikia katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia ni kumpeleka kwenye F kwa mikono yetu. Katika shule kama hiyo ziara itanguliwe na mpango: mwalimu wa kujitolea, kambi ya likizo, au darasa la pamoja na shule ya jirani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilielewa hili kilipoanzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa kidogo alama za kuingia kozi za sayansi, na baadaye uhandisi. Waliongezewa masomo kwanza, wakapimwa, ndipo wakadahiliwa.

Je, lazima awe mwanamke? Kwa kumvutia mtu aingie, tafiti za Sapna Cheryan na wenzake kule Marekani zinaonyesha kwamba jinsia ya mgeni si kila kitu. Mtaalamu wa kompyuta aliyejifungia katika picha ile ya mtu asiye na marafiki wala mambo mengine aliwapunguzia wasichana imani ya kufaulu, awe mwanamume au mwanamke. Mwalimu mwanamume anayewaheshimu wanafunzi wake asijitoe. Lakini kwa kumbakiza aliyekwisha kuingia, mwanamke ana nafasi ya pekee. Watafiti Nilanjana Dasgupta na Tara Dennehy waliwagawa wasichana 150 waliokuwa wakianza uhandisi katika chuo kikuu cha Marekani: wengine wakapewa mshauri wa kike, wengine wa kiume, wengine hakuna. Washauri walikuwa wanafunzi wa miaka ya juu tu. Mwisho wa mwaka wa kwanza, wenye mshauri wa kike wote walikuwa bado wamo. Wenye wa kiume walibaki asilimia 82, na wasiopewa mtu asilimia 89.

Kwetu matobo ya kuwapoteza wasichana yako mahali pengi zaidi ya mwaka wa kwanza. Tanzania, baada ya shahada kuna mafunzo ya miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu, mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Kenya nako mhitimu hupitia usajili wa ngazi kwa ngazi chini ya Bodi ya Wahandisi. Wasichana wengi waliong'ara chuoni hupotelea katika miaka hii: hakuna wa kuwasimamia, kazi iko mbali, mtoto wa kwanza amezaliwa. Aliyewahi kwenda shuleni kwao kupima zege anaweza kumsaidia binti huyu kwa njia isiyohitaji jukwaa: kumchukua chini ya usimamizi wake, kusaini kitabu chake cha kumbukumbu za kazi kwa wakati, na kulitaja jina lake pale mkandarasi anapouliza nani asimamie daraja linalofuata.